Habari ya msaada wa kijeshi: ipime kabla ya kuisoma hewani

Ukiletewa habari kwamba nchi fulani "imeipa" Ukraine silaha, kabla hujaisoma redioni hapa Mwanza, shughulika kwanza na hicho kitenzi. Imeahidi, imetenga, imetuma, au vimeshafika? Vifaru 31 vya Abrams vya Marekani vilitangazwa Januari 2023. Vya kwanza vilifika Septemba. Hiyo ni miezi minane, na mtu aliyevamiwa anaihesabu kwa makaburi.

Pili, geuza idadi iwe uzito. Kombora moja la mzinga wa milimita 155 lina kilo 43 hivi, mbali na baruti ya kulisukuma. Machi 2023 Umoja wa Ulaya uliahidi makombora milioni moja ndani ya miezi 12. Zidisha: tani 43,000. Kwa semitrela za tani 30 ni safari zaidi ya 1,400. Muda ulipokwisha ilikuwa imefika nusu hivi, maana viwanda vilishazoea oda ndogo za wakati wa amani. Hesabu hii ifanye kila mara, hata kama mhariri anakuharakisha.

Angalia na kipenyo, yaani upana wa mdomo wa mzinga. Mizinga ya Kisovieti hutumia milimita 152, na kombora la 155 haliingii humo. Milimita tatu tu, lakini shehena nzima inakuwa haina kazi kwa kikosi hicho. Habari isiyotaja kipenyo, rudi uulize.

Njia nayo. Bandari ya Mwanza Kusini, behewa la treni huingia kwenye meli ya MV Umoja kwa magurudumu yake, kwa kuwa reli yetu ya zamani na ya Uganda zote zina upana wa mita moja. Poland, ambako msaada hupitia, na Ukraine haziko hivyo: reli ya Poland ni milimita 1,435, ya Ukraine 1,520. Mpakani mzigo unashushwa na kupakiwa upya, au behewa linabadilishiwa magurudumu. Spea na mafunzo ya wapiga mizinga uliza vilevile.

Usisahau kwamba mvamizi naye husaidiwa. Urusi imepata droni za kujilipua za Shahed kutoka Iran na makombora ya mizinga kutoka Korea Kaskazini. Sisi wa ziwani tunalijua hilo: mwaka 1979 Libya ilikuwa upande wa Amin, na ndege yake ya kivita ya Tu-22 ilikuja kulenga ghala la mafuta la Mwanza, mabomu yakakosa. Kwa hiyo ukisoma kilichoifikia Ukraine, soma na kilichoifikia Urusi, katika taarifa ileile.