Wadudu wa ziwani kwenye boneti

Ukiendesha jioni kutoka Ahero kuingia Kisumu, wale vijidudu wa ziwani watakujazia boneti na bampa. Usiwaache hapo hadi asubuhi. Majimaji yao yana asidi, na jua la kesho likiyakausha yanaanza kula rangi. Alama hiyo haitoki hata kwa maji ya presha. Loweka taulo laini kwenye maji ya uvuguvugu yenye shampuu ya gari, ulitandaze juu yao dakika 10 hivi, gari likiwa kivulini. Kisha pangusa polepole, ukigeuza upande safi kila mara. Waya wa kusugulia sufuria, weka mbali kabisa! Sabuni ya vyombo pia siitaki, inaondoa waksi. Mimi hupaka waksi upya pale mbele tu, na safari ijayo hawagandi sana.