Jinsi ya kupima ulinzi wa pasi katika futiboli ya Kimarekani

Msimu wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, ukifika katikati, jedwali moja husambaa kuliko mengine: timu 32 zimepangwa kwa yadi za pasi zilizoruhusu kila mechi. Watu hutazama aliye juu, wakaamua huyo ndiye mwenye ulinzi bora. Lakini timu inayoongoza kila wiki hurushiwa pasi nyingi, maana mpinzani aliye nyuma hana muda wa kukimbia na mpira. Timu inayofungwa hurushiwa chache, kwa kuwa mpinzani anakula muda kwa kukimbia. Kuisifu hiyo ya pili ni sawa na kumsifu kipa ambaye hakupigiwa shuti.

Mimi hufuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Gawanya kwa kila jaribio

Chukua yadi za pasi ulizoruhusu, ugawanye kwa jumla ya pasi zilizorushwa na mara ambazo kwotabeki, yaani mchezaji anayerusha pasi, aliangushwa kabla hajarusha. Kumwangusha ni sehemu ya ulinzi wa pasi. Ukiiacha nje, umewanyima haki yao walinzi wa mbele. Angalia jambo moja: takwimu za timu za NFL tayari zimeondoa yadi zilizopotea kwotabeki alipoangushwa, ila za mchezaji mmoja mmoja hazijaondoa. Usiziondoe mara mbili.

Seattle Seahawks wa 2013 waliruhusu yadi 2,752, wakirushiwa pasi 524 na kuangusha mara 44. Hiyo ni yadi 4.8 kwa jaribio. Green Bay Packers wa 2011 waliruhusu yadi 4,796, nyingi kuliko timu yoyote msimu huo, kwa pasi 637 na kuangusha mara 29: yadi 7.2.

Packers hao walishinda mechi 15 kati ya 16, na ni rahisi kuwatetea kwamba walirushiwa sana kwa sababu waliongoza sana. Ni kweli walirushiwa sana. Ila hapa tumeshagawanya, na 7.2 bado ni mbaya.

Hatua ya 2: Ingiza tachidauni na pasi zilizonaswa

Kanuni inayotumika sana ni hii: kwa kila tachidauni ya pasi (bao la kufikisha mpira eneo la mwisho) ongeza yadi 20, kwa kila pasi iliyonaswa, yaani iliyodakwa na walinzi, punguza yadi 45, kisha gawanya kama mwanzo. Seattle waliruhusu tachidauni 16 wakanasa pasi 28. Wanashuka hadi 3.2. Packers waliruhusu 29 wakanasa 31. Wanashuka hadi 6.0.

Hapa usikimbilie kufurahi. Kunasa pasi ni ustadi, lakini pia ni mpira uliogonga mkono wa mpokeaji ukaruka juu, na ni kwotabeki mbovu aliyekutana nawe. Hakutabiriki vizuri kutoka msimu hadi msimu. Ndiyo maana naandika nambari zote mbili na kujiuliza: kunasa kukikoma, kunabaki nini? Seattle walibaki na 4.8, ulinzi imara. Packers walibaki na 7.2. Januari 2012 New York Giants walikwenda Green Bay kwa mechi ya mtoano, kwotabeki wao Eli Manning akarusha yadi 330 na tachidauni 3, pasi yake ikanaswa mara moja tu. Packers walifungwa 37–20.

Hatua ya 3: Hesabu faulo

Beki akimzuia mpokeaji isivyo halali pasi ikiwa hewani, mpira huwekwa pale faulo ilipotokea, hata kama ni yadi 40 mbele. Yadi hizo hazimo kwenye yadi za pasi. Zitafute, uziongeze.

Hatua ya 4: Uliza ni nani alirusha, na lini

Linganisha kila kwotabeki na wastani wake dhidi ya timu nyingine. Akishuka mbele ya ulinzi unaoupima, sifa ni zao.

Kisha tazama saa. Katika Super Bowl LIX, fainali ya NFL ya Februari 2025, Patrick Mahomes, kwotabeki wa Kansas City Chiefs, alimaliza na yadi 257 na tachidauni 3 dhidi ya Philadelphia Eagles. Ukisoma hivyo tu, utadhani aliwasumbua. Wakati wa mapumziko alikuwa na yadi 33, Eagles wakiongoza 24–0, na tachidauni zake mbili zilikuja baada ya matokeo kufika 40–6. Pasi za namna hiyo sizitupi. Naziweka safu ya peke yake.

Hatua ya 5: Tazama mechi yenyewe

Chagua dauni za tatu (nafasi ya tatu kati ya nne za kusogeza mpira yadi 10) zenye yadi nyingi zilizobaki na uhesabu wanaomkimbilia kwotabeki. Katika fainali hiyo Eagles walimwangusha Mahomes mara 6 bila kutuma mtu wa ziada, zaidi ya wanne wa kawaida, hata mara moja. Wanne wakitosha kumfikia, saba wanabaki nyuma kuwafunika wapokeaji watano. Timu inayolazimika kutuma sita ili kupata matokeo hayohayo inaacha wazi sehemu ambayo kwotabeki mzuri ataiona. Andika idadi hiyo kando ya nambari za hatua ya 1 na ya 2, mechi kwa mechi, kabla mtoano haujaanza.