Vitabu vya picha vya Siku ya Mtakatifu Patrick: namna ninavyochagua na kuwasomea watoto

Machi 17 ikikaribia, maduka ya vitabu hapa Dublin, Ireland, hugeuka kijani: vijitu vyenye ndevu nyekundu, kofia ndefu, vyungu vya dhahabu. Mimi huwasomea watoto wa kaka yangu na rafiki zao, na vitabu vya namna hiyo sivinunui. Vinapendeza macho, lakini mtoto akivifunga hana la kusimulia. Tafuta kitabu chenye mtu anayetaka jambo na kulihangaikia.

Anza na Patrick mwenyewe, mtakatifu msimamizi wa Ireland. Tomie dePaola alitoa mwaka 1992 kitabu kiitwacho Patrick: Patron Saint of Ireland. Humo yumo kijana wa Uingereza anayetekwa, anapelekwa utumwani Ireland kuchunga mifugo, anatoroka baada ya miaka 6, kisha anarudi kwa hiari yake kuwahubiria watu wa nchi ileile. Sisi wa pwani tunajua utumwa ni nini, na wazazi wengine huufunua haraka ukurasa huo. Usiufunue haraka. Mimi huweka kitabu magotini nikauliza: ungekuwa wewe, ungerudi? Mdogo wao hunijibu, "Ningerudi, shangazi, ila na baba." Maongezi hapo huwa marefu, nami siyakatizi.

Wakiuliza habari za nyoka ambao Patrick husemwa aliwafukuza Ireland, waambie ile ni hekaya. Bahari ilikitenga kisiwa baada ya enzi ya barafu, nyoka hawakuwahi kufika.

Kitabu kisome peke yako kwanza, hadi uweze kukisimulia bila kutazama maandishi. Kisha waonyeshe picha na usimulie kwa Kiswahili. Ita "Paukwa!" wakuitikie "Pakawa!" Kiingereza chake watakisoma wenyewe baadaye, hadithi wakiwa tayari wanaijua.

Wenye miaka minne mitano wapatie St. Patrick's Day in the Morning cha Eve Bunting, picha za Jan Brett. Jamie ameambiwa ni mdogo mno kwa maandamano ya sikukuu hiyo, basi anaamka alfajiri na kufanya yake.

Si lazima ununue. Maktaba za umma Ireland hazina ada ya uanachama, na faini za kuchelewesha vitabu zilifutwa mwaka 2019. Nenda Februari, kabla hawajawahi wengine.

Fin M'Coul, cha dePaola pia, kiweke mwisho. Jitu Fin anamwogopa jitu mwenzake, na mkewe Oonagh ndiye anayemwokoa: anamvika mumewe nguo za kitoto na kumpa adui mikate yenye vikaango vya chuma ndani. Siku hiyo kanda mkate wa soda: unga, chumvi, magadi ya kuokea, na maziwa ya mtindi. Ukate msalaba juu, utie kwenye oveni, ndipo uanze kusoma. Utatosha kuiva mkiwa mmesoma na watoto wameomba kurudiwa.