Kadi Iwe ya Mwisho: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kujenga Kompyuta ya Kwanza ya Gemu Ukiwa Mbeya

Ingia duka lolote la kompyuta pale Kabwe au Mwanjelwa, sema unatafuta mashine ya gemu, na swali la kwanza litakuwa "una shilingi ngapi?" Muuzaji hana kosa, ndiyo kazi yake. Tatizo ni kwamba fedha yenyewe ni laki kadhaa ulizodunduliza kwa miezi, na usipoingia dukani na majibu yako mwenyewe utatoka na kadi nzuri isiyoingia kwenye mashine, au mashine nzuri isiyo na nguvu ya kuiwasha kadi. Vijana wengi huanza na kadi ya grafiki kwa sababu ndiyo inayosifiwa kwenye video. Mimi nasema kadi iwe ya mwisho kuchaguliwa. Kabla yake kuna maswali, na mengi hayahitaji hata senti.

Gemu gani? Counter-Strike 2, Valorant, eFootball na GTA V zinacheza kwenye mashine ya kawaida kabisa. Gemu kubwa zilizotoka miaka hii miwili mitatu ni habari nyingine, na kwa bajeti ya mwanafunzi wa chuo kama MUST ni heri ukubali mapema kwamba utazicheza kwa picha za kiwango cha chini, au utaziacha kwanza.

Na utachezea kwenye kioo gani? Wengi tunaanza na televisheni ya sebuleni, na si jambo la kuonea aibu. Televisheni nyingi za bei nafuu za inchi 32 zina pikseli 1366 kwa 768, yaani kama milioni moja. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina milioni mbili. Maana yake kwenye televisheni hiyo kadi inachora nusu ya kazi, na kadi ndogo itakutosha kuliko unavyodhani. Ila ingia kwenye menyu ya televisheni uwashe mpangilio wa gemu, la sivyo picha itachelewa na utabonyeza pasi beki akiwa keshafika.

Sasa umeme, na hapa nitakaa, kwa sababu ndipo mashine nyingi za huku zinapofia. Kompyuta nyingi za mtumba zilitumika ofisini ng'ambo kabla ya kufika kwetu. Igeuze mashine, tazama nyuma pale waya wa umeme unapochomekwa. Ukikuta kiswichi chekundu kinachoonyesha 115, kisukume kiende 230 kabla hujachomeka chochote. Umeme wetu ni volti 230, na pawasaplai, kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme, ikiachwa kwenye 115 huungua papo hapo, mara nyingine kwa mlio. Zisizo na kiswichi zitazame lebo: zikiwa zimeandikwa 100-240V zinajirekebisha zenyewe.

Lebo hiyohiyo isome mpaka chini. Pawasaplai za bei ya chee huandikwa "500W" kwa herufi kubwa ubavuni, lakini kadi na prosesa (ubongo wa mashine) hula kwenye mstari wa volti 12. Tafuta palipoandikwa +12V, chukua ampia zake, zidisha kwa 12. Ikiwa ni ampia 18, una wati 216 za kufanyia kazi, hata kama ubavuni pamesemwa 500. Hesabu hii ya nusu dakika imewahi kunyamazisha wauzaji wengi.

Nyumbani kwako nako kuna ya kuangalia. Kama taa hufifia jioni watu wanapopika na kupiga pasi, stabilaiza inunuliwe kabla ya kadi. Friji gadi haichukui nafasi yake: yenyewe hukata umeme ukipanda au kushuka kupita kiasi, jambo jema kwa friji, lakini kompyuta ikikatwa ghafla wakati inaandika kwenye diski unaweza kupoteza Windows nzima. UPS, ile betri inayoshika umeme ukikatika, inasaidia, bora ujue kwamba VA si wati. UPS ya 650VA kwa kawaida hubeba wati 360 hivi, na hukupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima. Kumalizia mechi si kazi yake.

Kisha radi. Msimu wa mvua kwetu huanza Novemba hivi mpaka Aprili, na aliyekulia chini ya Loleza hahitaji kuhadithiwa. Ngurumo zikianza, chomoa plagi ukutani, usiishie kuzima swichi. Kama kompyuta imeungwa kwenye televisheni kwa HDMI, chomoa na waya wa antena au wa dishi, maana umeme wa radi unaweza kushuka na waya huo, ukapita kwenye televisheni mpaka ndani ya kadi. Waya wa ruta nao vivyo hivyo.

Na LUKU? Mashine inayokula wati 200, ikichezwa saa nne kwa siku, humaliza uniti 0.8, karibu uniti 24 kwa mwezi. Kama nyumba iko kwenye daraja la D1, lile la matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, wewe peke yako umekula karibu theluthi. Mnaochangia mita na wapangaji wenzenu, zungumzeni mapema, kabla mama mwenye nyumba hajaanza kuuliza nani amehamia na jiko la umeme.

Tukishamaliza hayo ndipo tuzungumzie mwili wa mashine. Kwa bajeti ndogo naona njia ni mbili, na ya kwanza ndiyo ninayoipendekeza kwa watu wengi: kompyuta ya ofisi iliyotumika, Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, kisha kuiongezea kadi moja. Hizi zimejengwa imara, na nyingi za kuanzia enzi za Windows 8 hubeba leseni ya Windows ndani ya madabodi (bodi kuu) yenyewe, kwa hiyo hutahangaika na programu za kuvunja leseni zinazokuja na virusi.

Angalia umbo lake tu. Jina moja, tuseme OptiPlex 7050, hutoka kwa maumbo kadhaa. Lile refu la kusimama hupokea kadi ya kimo cha kawaida. Lile jembamba hupokea kadi fupi tu, na kadi fupi ni chache sokoni na bei yake haina huruma. Lile dogo la kukaa kiganjani halipokei kadi yoyote, usidanganyike na bei. Mwombe muuzaji afungue mfuniko, uone kwa macho tundu refu la kadi lililo karibu na prosesa. Jua pia kwamba plagi za pawasaplai ndani ya mashine hizi mara nyingi ni za kampuni yenyewe, si zile za kawaida, hivyo "nitabadilisha pawasaplai baadaye" si ahadi ya kujipa bila kuhakiki. Na iwashe, uingie kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows. Ikikuomba nenosiri la ofisi iliyokuwa inaimiliki, irudishe mezani, hata kama ni nafuu.

Prosesa isome namba. Kwenye i5-6500, tarakimu ya kwanza baada ya kistari inasema ni kizazi cha sita. I5-8500 ni cha nane. I5-10500, kwa kuwa ina tarakimu tano, zisome mbili za mwanzo: ni cha kumi. Tofauti ya sita na nane si ya majigambo. i5-6500 ina koa (viini vya kufanyia kazi) nne, i5-8500 ina sita, na gemu za sasa huonyesha tofauti hiyo kwa kukwamakwama katikati ya mchezo. Zaidi ya hapo, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha nane au zaidi, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Valorant kwenye Windows 11 inaidai chipu hiyo, bila hiyo haifunguki. Utashauriwa uweke Linux. Ni ushauri mzuri kwa gemu nyingi za Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, ila Valorant na zile mpya za mpira za EA hazichezi huko, kwa sababu programu zake za kukamata wadanganyifu hazikubali.

Njia ya pili ni kujenga upya kwa prosesa yenye grafiki ndani yake, kama Ryzen 5 5600G iliyotoka 2021. Huhitaji kadi siku ya kwanza. eFootball na Valorant zitacheza, na kadi utaongeza mwakani. Zingatia ile G mwishoni. Ryzen 5 5600 isiyo na G haina grafiki, na Intel zenye F, kama i5-10400F, pia hazina. Ukizinunua bila kadi utakuwa na mashine inayowaka feni huku kioo kikiwa cheusi.

Kwa prosesa za aina hii, RAM si kitu cha kuchukua kama ilivyo. Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye RAM, kwa hiyo vipande viwili vya GB 8 vinashinda kipande kimoja cha GB 16 kwa tofauti utakayoiona kwa macho. Hakikisha ni RAM ya kompyuta ya mezani, zile fupi za laptopu haziingii, na DDR3 haikai kwenye tundu la DDR4. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda dunia nzima, kwa kuwa viwanda vinaelekeza chipu kwenye seva za akili unde. Hiyo ni sababu nyingine ya kupenda mashine ya ofisi inayokuja na GB 16 tayari ndani.

Haya, kadi. Tundu la kadi kwenye madabodi hutoa wati 75, si zaidi. Kwa mashine ya ofisi yenye pawasaplai ndogo, hiyo ndiyo mipaka ya shamba lako: tafuta kadi isiyohitaji waya wa ziada. GTX 1050 Ti ya 2016 bado inahema. GTX 1650 ni bora kuliko hiyo, lakini baadhi ya matoleo yake yana tundu la waya, kwa hiyo itazame juu kabla ya kulipa. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024, hula wati 70, na kama mfuko unafika ndiyo ningeichukua. RX 6400 hula kidogo zaidi, wati 53, ila kwenye mashine za zamani inabanwa kasi, na haina uwezo wa kurekodi mchezo kwa kadi yenyewe, jambo litakalomuudhi anayetaka kurusha video zake. Intel Arc A380 iache kwa mashine ya ofisi ya zamani: bila kitu kiitwacho Resizable BAR kwenye BIOS inapoteza nguvu nyingi. RX 580 utaiona kila mahali kwa bei tamu. Ni kadi nzuri, lakini inakula wati 185 na inataka pawasaplai ya kweli. Nyingi zimetumika kuchimba sarafu za kidijitali, na kuna toleo lililoandikwa 2048SP ambalo ni dhaifu kuliko RX 580 yenyewe.

Kadi bandia zipo. Kadi ya zamani hubadilishwa programu ya ndani ili kompyuta isome "GTX 1050 Ti". Beba flashi yenye GPU-Z, programu ya kutambua kadi, itakuambia ikiona udanganyifu. Hata bila flashi, ukikuta GTX 1050 Ti yenye tundu la bluu la VGA, shuku, maana Nvidia iliacha VGA kuanzia kizazi hicho. Ongeza FurMark, programu ya kuichosha kadi, kwenye flashi hiyo, iendeshe robo saa dukani huku ukitazama joto na vidoa kwenye picha. Muuzaji akikataa jaribio la robo saa, amekujibu.

Diski iwe SSD, angalau GB 500. FC 25, ile ya mpira ya EA, peke yake inataka GB 100, Counter-Strike 2 GB 85. Kabla hujawaza bando la kupakua hayo, jua kwamba Steam tangu 2023 huweza kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa ruta ileile, bila kula bando kwa sehemu kubwa. Rafiki mmoja mwenye gemu hiyo anakuokolea fedha ya kadi nusu. SSD ya mtumba ipime kwa CrystalDiskInfo, uone asilimia ya afya iliyobaki.

Ukiagiza Dar, mzigo unasafiri zaidi ya kilomita 800 kwenye buti la basi, na mlima wenye kona kali wa Kitonga uko njiani. Mwambie muuzaji achomoe kadi aifunge peke yake; kadi nzito ikiyumba huvunja tundu lake. Aitume na video ya mashine ikiwaka, namba za utambulisho wa bidhaa (serial) zikionekana, pamoja na risiti ya EFD. Uliza pia nani atalipa nauli ya kurudisha kitu kikifa ndani ya garantii. Wakati mwingine bei ya Mbeya iliyozidi elfu hamsini ni nafuu kuliko ya Kariakoo ukiingiza swali hilo.

Taa za rangi, keisi ya kioo na kiti cha gemu acha. Baridi yetu ya Juni na Julai inasaidia kupoza, lakini vumbi la Septemba linaziba feni, hivyo panga brashi laini badala ya feni ya tatu. Na fedha ikija kwa vipande, nunua mashine ya ofisi kwanza uisomee, kisha stabilaiza, kisha SSD, halafu kadi. Siku ya kuifunga kadi, waya wa kioo uhamishie kwenye kadi yenyewe. Ukiuacha kwenye madabodi utacheza kwa grafiki ileile ya zamani na utamlaumu aliyekuuzia.