Mkanda wa tandiko usiukaze kwa mkupuo mmoja

Ukimtandika farasi mchanga kwa mara ya kwanza, kaza mkanda wa tumbo kwa awamu tatu, na kati ya awamu mtembeze kwa kamba, kushoto kisha kulia. Akibanwa ghafla huzuia pumzi na kukunja mgongo kama paka, na hapo ndipo mateke huanza. Akitembea anapumua, misuli inalegea, anazoea kile kitu kinachomkumbatia. Mimi husubiri ashushe kichwa na kulambalamba midomo ndipo niongeze tundu moja. Mwisho, vidole viwili vipite kwa shida kidogo kati ya mkanda na ngozi.

Ila awamu ya kwanza isilegee mno! Wangu tandiko lilimzunguka hadi chini ya tumbo, akatimua mbio, na ikanichukua wiki nzima kumrudisha pale alipokuwa.

Mbinu hii haisaidii kama bado hajui kusimama na kufuata kamba. Rudi huko kwanza. Na akilaza masikio au kutaka kuuma kila akiona mkanda, kagua mgongo na tandiko lenyewe: huenda anaumia.