Matumbawe laini kwenye tangi jipya: mwanga kwanza, chakula baadaye

Wanaoanza kufuga matumbawe hapa Kampala huniuliza kwanza habari ya chakula: wanunue kopo gani, watie mara ngapi. Mimi huwarudishia maswali ya taa, maji na umeme. Ndani ya mwili wa tumbawe laini mnaishi zooksantela, mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza sukari kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wake. Tangi likiwa bado changa, chakula kingi huharibu maji kabla hakijamfaa yeyote.

Hatua ya 1: Tengeneza maji

Maji ya bomba ya jijini hutoka Ziwa Viktoria, husafishwa kwenye mitambo ya Ggaba na Katosi na kutiwa klorini. Yapitishe kwenye mchujo wa RO (unaosukuma maji kupitia utando mwembamba sana) wenye hatua ya mwisho ya DI (chembe zinazonasa madini yaliyobaki). Maji ya mvua yaliyopita kwenye mabati usiyatumie. Zinki ya paa ni sumu kwa wanyama hawa.

Chumvi iwe ile ya akwariamu za baharini. Kuna wanaotamani kubana matumizi kwa chumvi ya Katwe, na ninawaelewa, maana mfuko wa chumvi ya kigeni ni ghali. Lakini chumvi ya Ziwa Katwe ina soda na salfeti kwa wingi, huku magnesi na kalsi ambazo tumbawe linazihitaji zikiwa chache. Waachie wapishi na wafuga ng'ombe.

Weka gramu 35 hadi 40 kwa kila lita, kutegemea chapa, acha pampu izungushe usiku kucha, kisha pima kwa refraktomita, kifaa cha kupimia ukali wa chumvi. Unatafuta 1.025, yaani uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji matamu, na joto la nyuzi 24 hadi 26. Maji yakipungua kwa mvuke, jaziliza maji matamu ya RO peke yake: chumvi haipandi na mvuke, kwa hiyo ukiongeza maji ya chumvi unazidisha ukali kila siku.

Hatua ya 2: Subiri

Mawe na mchanga vinahitaji kama wiki 4 hadi 6 kuotesha bakteria wa kusaga uchafu. Usinunue tumbawe lolote mpaka amonia na naitraiti, sumu zitokanazo na uchafu huo, zisome sifuri kwenye vipimo. Naitreti, zao la mwisho la usagaji huo, ikiwa kati ya miligramu 5 na 15 kwa lita usihangaike kuiondoa. Matumbawe laini hupenda maji yenye rutuba kidogo, na tangi lililosafishwa kupita kiasi huyafanya yapauke.

Hatua ya 3: Taa, mkondo na hewa

Taa ya LED yenye bluu nyingi, saa 8 hadi 10 kwa siku, inatosha. Anza na nusu ya nguvu yake, upandishe taratibu kwa wiki kadhaa. Usiweke tangi dirishani kwa kutegemea jua, utavuna mwani wa kijani tu. Mkondo wa maji uwe wa kuyumbayumba. Pampu isilenge tumbawe moja kwa moja hadi nyama ikunjamane.

Miongozo mingi imeandikwa na watu wa pwani. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huku ni pungufu kwa kama asilimia 13. Maji yetu basi hushika oksijeni pungufu kwa kiasi hichohicho. Elekeza pampu moja juu ili uso wa maji uchemkechemke. Na kwa kuwa umeme hukatika, nunua pampu ya hewa ya betri kabla ya kununua tumbawe la pili. Hita ikizimika usiku mmoja Kampala si msiba (Kabale kwenye baridi ni habari nyingine), ila maji yakisimama samaki na matumbawe hukosa pumzi.

Hatua ya 4: Chagua na uingize

Anza na uyoga wa baharini, yaani Discosoma, ambao hutaka chini kwenye mwanga hafifu na mkondo mdogo. Kisha tumbawe la ngozi, Sarcophyton, katikati ya tangi. Xenia, tumbawe laini linaloenea haraka, ni ngumu kuua na ngumu vilevile kuizuia, kwa hiyo ipe jiwe lake la pekee. Zoantidi, wanyama wadogo kama maua wanaoota kwa makundi juu ya mawe, wana rangi za kupendeza, lakini baadhi yao hubeba palitoksini, sumu kali sana. Vaa glavu na miwani unapowashika, na usichemshe kamwe jiwe lililowahi kuwa na zoantidi.

Tumbawe likifika, acha kaveera (mfuko wa plastiki) lililoletea ielee juu ya maji dakika 15, halafu dondoshea maji ya tangi kwa mrija mwembamba kwa nusu saa. Maji ya kaveera yamwage nje. Punguza taa siku chache za mwanzo.

Hatua ya 5: Lisha kidogo

Tumbawe la ngozi na Xenia hazihitaji mkono wako. Mabaki ya chakula cha samaki na kinyesi chao vinatosha. Uyoga na zoantidi hufurahia mlo mmoja kwa wiki, na chakula bora ni vifaranga vya artemia (vidudu vidogo vya maji ya chumvi) unavyoangua mwenyewe. Chukua chupa ya plastiki, tia lita moja ya maji yenye gramu 25 za chumvi, nyunyiza mayai kidogo, pulizia hewa kutoka chini, weka kwenye nyuzi 26 hadi 28. Baada ya saa 24 hivi zima hewa na mulika tochi upande mmoja: vifaranga huufuata mwanga, maganda huelea juu. Wavute, wachuje kwa kitambaa na uwasuuze.

Zima pampu za mkondo kwa dakika 10. Kwa bomba la sindano lisilo na sindano, la kununua famasi, wadondoshe taratibu juu ya polipu, yaani vichwa vyenye mdomo vya tumbawe. Kisichokamatwa kivute kabla ya kuwasha pampu.

Hatua ya 6: Utunzaji wa kila wiki

Badilisha asilimia 10 ya maji. Weka mkaa amilifu kwenye mchujo na uubadilishe kila mwezi, kwa sababu matumbawe ya ngozi humwaga kemikali za kuwafukuza majirani. Makaa ya sigiri hayafanyi kazi hii.

Kuna jambo linaloogofya wageni: tumbawe la ngozi hujikunja, likawa na utando unaong'aa kama nta, likakaa hivyo siku kadhaa, hata zaidi ya wiki. Linajivua ngozi. Ongeza mkondo kidogo ili utando uondoke, usilihamishe, usililishe. Likianza kuyeyuka au kunuka uozo, hapo kata sehemu iliyooza kwa wembe safi, itoe nje, na upime amonia siku hiyohiyo.