Kupima transdusa kwa osiloskopu na Pythoni: jinsi ya kuwastanisha mawimbi

Mvuvi akiniletea hapa Lamu mashine ya kutafutia samaki "isiyoona chini", kwanza nataka kujua kama transdusa, kile kifaa kinachotoa mlio majini na kupokea mwangwi wake, ni nzima. Naitia ndani ya pipa la maji, naipigisha mlio, natafuta mwangwi. Mwangwi wenyewe ni hafifu, na inveta ya sola inaufunika kwa kelele. Dawa yake ni wastani wa mawimbi mengi: kelele hufutana, mwangwi hubaki.

Kwanza, pipa. Acha sentimita 75 za maji kati ya uso wa transdusa na chini. Sauti majini huenda takriban mita 1,500 kwa sekunde, basi mwangwi utarudi baada ya milisekunde 1.

Pili, nyaya. Jenereta ya mawimbi iipe transdusa kHz 200, mizunguko 20 kwa mkupuo, kila milisekunde 20. Transdusa iingie pia chaneli 1 ya osiloskopu (chombo kinachochora mawimbi ya umeme), na waya wa sinki (sync) wa jenereta, unaotoa ishara kila mkupuo unapoanza, chaneli 2. Usitrigie (yaani usiifanye osiloskopu ianze kuchora) kwa chaneli 1: triga ikishikwa na kelele, kila wimbi litaanza pake na wastani utafuta mwangwi pamoja na kelele.

Tatu, programu. Amri hizi ni za osiloskopu ya Rigol DS1000Z. Chapa nyingine zina zake. Weka anwani ya osiloskopu yako.

import pyvisa, time
s = pyvisa.ResourceManager("@py").open_resource("TCPIP0::192.168.1.50::INSTR")
s.write(":TRIG:EDGE:SOUR CHAN2")
s.write(":TRIG:EDGE:LEV 1")
s.write(":TIM:MAIN:SCAL 0.0002")
s.write(":ACQ:TYPE AVER")
s.write(":ACQ:AVER 64")
s.write(":CLE")
time.sleep(5)
s.write(":STOP")

Mawimbi 64 hupunguza kelele mara 8, kwa kuwa hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi. Osiloskopu hii hufika 1024, yaani mara 32, lakini mimi huishia 64, na sababu yake ilinigharimu.

Niliwahi kumwambia mvuvi wa Kizingitini kwamba transdusa yake imekufa, kumbe ilikuwa inaning'inia na kuyumba. Kwa kHz 200 urefu wa wimbi majini ni milimita 7.5. Transdusa ikisogea milimita 2 tu juu au chini, njia ya sauti hubadilika karibu nusu wimbi, na mwangwi mmoja unaufuta mwingine. Nilimrudishia pesa yake. Siku hizi naifunga kwenye ubao uliolala juu ya mdomo wa pipa na kungoja maji yatulie kabisa.

Amri ya CLE, inayofuta mawimbi ya zamani, nayo usiiruke: bila hiyo unaweza kusoma wastani uliochanganyika na transdusa uliyotoa sasa hivi.

Mwangwi ukionekana pipani lakini mashine bado haioni chini, kagua plagi ya kebo kabla ya kufungua chochote. Chumvi huanzia hapo.